Silinda Hedi na Blanketi la Kijivu

Jumatatu, 4 Mei

Shemeji Mdogo,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu kwako zinaita mpaka zinachoka zenyewe. Karatasi haina kitufe cha kukata. Dereva wa lori la saruji, yule rafiki yenu, anapita huko kwenu kila wiki au mbili. Amekubali kuwa posta yetu, na nimemwambia barua asiiache kwa mlinzi wa karakana, akuwekee mkononi.

Sisi wazima. Magoti yangu yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Binti yangu na mumewe hawajambo. Kaka yako ana miezi mitano na siku nane tangu tumzike. Hukuja. Nilikuwekea kiti mstari wa mbele, kikakaliwa na mwavuli wa mtu. Hilo tuliache hapo lilipo, sikuandiki kwa ajili yake.

Nakuandikia kwa ajili ya nyumba na mke mwenzangu.

Mwenye nyumba anaitaka nyumba yake kwa ajili ya mwanawe. Amenipa mpaka tarehe 30 Juni, amesema kwa adabu, sina ugomvi naye. Nahamia kwa binti, chumba kimoja na dirisha moja, wala hakuna banda.

Mke mwenzangu bado yuko bandani juu ya magogo manne. Binti aliniuliza juzi kwa nini naliita gari hivyo, nikamwambia mtu akilala na mumeo Jumamosi na Jumapili kwa miaka kumi na mmoja utamwita nani. Limefunikwa shuka langu zuri. Gari la viti viwili, la wazi, la mashindano ya enzi hizo, alilopewa na daktari mmoja baada ya kumpimia kiwanja, likiwa limeoza mpaka kuku wanataga ndani. Leo ukilifunua unajiona usoni kwenye mlango. Kila kitu kipo isipokuwa silinda hedi, kile kipande kizito kinachofunika injini kwa juu. Kilikuwa kimepinda kwa joto, ukakichukua ukakichonge uso mpaka unyooke huko kwenye karakana yenu. Shajara yangu inasema ulikichukua miaka sita iliyopita, tarehe 17 Agosti, saa nne asubuhi, umekifunga kwenye blanketi la kijivu ambalo nalo halijarudi.

Mzee alisema mara nyingi, nami ni shahidi: likiwaka, ni la Mdogo. Basi lete hedi, ulifunge, ulichukue. Nimeshaongea na mtu wa vyuma chakavu. Atakuja Jumamosi tarehe 27 Juni na winchi yake. Akifika kabla yako, atalikata vipande hapo hapo uani, na mimi nitaingia ndani nifunge mlango nisisikie.

Nijibu ndiyo au hapana. Nimechoka kusubiri majibu ya katikati.

Shemeji yako,
Daftari

(Jina ulilonipa mwenyewe kwa utani. Nimelizoea.)


Jumanne, 19 Mei

Shemeji Daftari,

Salamu nyingi sana. Barua nimeipata mkononi kama ulivyoamuru; dereva alinisimamia kama askari mpaka nikaipokea.

Kuhusu mazishi sina la kusema linalofaa. Kazi ilikuwa nyingi, tulikuwa tumefunga mashine kubwa mbili, na barabara nayo unaijua. Naomba unisamehe.

Hedi ipo, usiwe na wasiwasi. Tunangoja kisu cha mashine kilichoagizwa, kikifika ni kazi ya siku moja. Lakini wewe mtu wa utaratibu utanielewa: kabla ya kuja na hedi lazima nijue hali ya gari zima. Huenda breki bado, nyaya bado, nije na kitu kimoja nikute kumi. Tafadhali niandikie orodha ya yote aliyoyafanya Kaka tangu nilipochukua hedi, na tarehe zake. Najua unazo. Wewe hata mbu akikuuma unamwandikia saa.

Blanketi ni zima. Linanitunzia vitu.

Mdogo wenu


Jumatano, 27 Mei

Shemeji Mdogo,

Nimeuliza ndiyo au hapana, nimepata kisu cha mashine. Kisu hicho nakijua. Kilivunjika mara ya kwanza miaka sita iliyopita.

Hata hivyo umeomba orodha. Nimetoa shajara zangu zote sandukuni, nikakaa nazo mezani siku mbili. Nanakili kama zilivyo.

Mwaka ule uliochukua hedi. “Septemba 3. Breki zote nne zimekwisha. Mzee amenawa mikono mara mbili na bado ameacha alama kwenye taulo.” “Septemba 19. Nyaya zimekwisha. Taa ya kushoto inawaka. Ya kulia inawaka ikipenda.” “Oktoba 11. Viti nimemaliza kushona, vidole vyangu havifai kitu. Mlango wa pili umepakwa rangi.” “Oktoba 12. Mzee anasema imebaki hedi tu. Anasema mwaka mpya Mdogo atatutembeza mmoja mmoja, maana viti ni viwili.”

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo: gari lilikwisha tarehe 12 Oktoba. Lakini orodha haiishii hapo, na hapo ndipo ilipoanza kunikera wakati ule.

“Novemba 6. Mzee amekwangua rangi ya mlango wa pili. Anasema haikushika. Mimi sioni kasoro.” Mwaka uliofuata: “Februari 14. Amefungua breki zote nne tena.” Mwaka mwingine: “Mei 30. Nyaya zote ziko nje, zimelala sakafuni kama matumbo.” Na mwaka wa nne: “Desemba 2. Mlango wa pili unapigwa msasa mara ya tatu. Nimeacha kuuliza.”

Nikwambie nilichofikiri. Nilifikiri amezeeka vibaya. Nilifikiri anakimbilia bandani ili asikae na mimi. Siku moja nilisimama mlangoni nikamwambia, “Mzee, wenzako wanajenga, wewe unabomoa.” Akasema, “Mama, haraka ya nini, kwani tunakwenda wapi?” Nikanuna. Nimeandika hapa: “Nimenuna.” Kesho yake: “Bado.”

Nilikuwa nimeacha kuandika hapo, nikaenda kuchemsha maji. Sasa nimerudi, na ninayoandika kuanzia hapa sikuwa nimeyapanga.

Mzee alihifadhi barua zako nne kwenye kopo la biskuti. Nimezitoa, nimezipanga kwa tarehe kando ya shajara. Ya kwanza, ya kisu kilichovunjika, ilifika Novemba 4. Mlango ukakwanguliwa Novemba 6. Ya pili, ya karakana kuhama, ilifika Februari 11. Breki zikafunguliwa Februari 14. Ya tatu Mei 27, nyaya Mei 30. Ya nne Novemba 30, msasa Desemba 2. Nimehesabu tena nikidhani miwani imenidanganya. Kila ulipoandika kwamba hedi bado, siku mbili tatu baadaye naye alifungua kitu kilichokwisha. Na nakumbuka sauti yake kwenye simu, akiwa na kitambaa cha mafuta begani: “Mdogo wangu, usiharakishe. Hata mimi huku bado kabisa.”

Shemeji, mtu habomoi breki nzima kwa sababu anamngoja mwenzake. Anabomoa ili anayengojwa asione aibu.

Liko na hili, la mwaka ule ule wa hedi: “Oktoba 20. Dereva wa lori amekunywa chai na Mzee bandani. Alipoondoka, Mzee hakula.” Dereva alimwambia nini? Nimemuuliza leo asubuhi, akaanza kukagua matairi yake, yote kumi, mara mbili. Akasema, “Mama, hiyo si yangu kusema. Muulize mwenyewe.”

Nakuuliza mwenyewe.

Daftari


Jumamosi, 6 Juni

Shemeji Daftari,

Nilianza kuisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini kwenye vumbi la chuma. Wenzangu wakadhani nimefiwa. Nikawaambia ndiyo, lakini miezi sita iliyopita.

Jibu ni hapana. Hakuna kisu kinachongojwa. Hedi iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye blanketi lako, iko hapo tangu Septemba ya mwaka ule. Niliiharibu.

Nitakueleza ilivyokuwa, maana wewe utataka kujua hatua kwa hatua. Mlinipa karatasi, kwa mwandiko wako, ikisema nichonge sehemu tisa, tukiigawa milimita moja mara kumi. Nikaifunga hedi kwenye meza ya mashine. Kila mkato ulikuwa unatoa sehemu moja. Baada ya mkato wa tatu uso ulikuwa umenyooka wote, unang'aa kama sahani. Fundi yeyote angezima mashine hapo. Lakini zilikuwa zimetoka sehemu tatu, na karatasi ilisema tisa. Macho yakaniambia acha. Karatasi ikaniambia endelea.

Umeolewa kwetu, unajua. Kwetu Kaka akishapima, mtu mwingine hapimi. Tangu tukiwa wadogo. Alipima mlango wa nyumba ya mama, akapima vitanda vyetu, baadaye akawa mpima ardhi na mabosi wake nao wakaacha kupima nyuma yake. Nirudie kipimo chake, mimi niliyefundishwa kushika tepu na yeye? Ingekuwa kama kumwambia hujui. Nikachonga tisa zote.

Nilipoijaribu nikajua. Hedi imekuwa fupi mno. Ukiifunga na injini ikazunguka, valvu zinashuka mpaka zinagonga pistoni. Na hedi nyingine ya gari lile sijaiona popote, na nimetafuta miaka sita.

Utadhani nilificha kwa kuogopa lawama. Lawama ningeibeba, mgongo ninao. Nilificha kwa sababu kosa lilikuwa lake. Mtu hajakosea kipimo maisha yake yote, halafu mimi ndiye nimpelekee habari kwamba kosa lake la kwanza limeua kitu alichokipenda? Nikaona heri anione mvivu. Mvivu hasumbui mtu usingizi.

Dereva aliiona siku moja aliponiletea dawa ya homa. Nilimweleza yote, nikamwapisha anyamaze. Kumbe hakunyamaza hata mwezi. Kwa hiyo Kaka alijua, Shemeji. Mimi naandika uongo, yeye anausoma huku akijua ni uongo, halafu ananijibu “pole na kazi.” Barua zake ninazo. Sasa siwezi kuzifungua.

Liko jingine dogo. Miaka minne iliyopita nilitengeneza gasketi ya shaba, nene, ya kulala kati ya injini na hedi ili kurudisha kimo nilichokila. Nimeipima mpaka namba zake naota. Ingefaa. Lakini ukipeleka gasketi nene namna ile lazima useme kwa nini ni nene. Nikaiweka ndani ya blanketi pamoja na hedi, nikasukuma chini ya kitanda.

Hiyo ndiyo kazi iliyonizuia kuja mazikoni. Mashine hazikuwa zimefungwa. Niliogopa kusimama mbele ya mtu ambaye hawezi tena kuniuliza.

Mwache mtu wa vyuma chakavu alichukue gari. Na umwambie binti yako chochote kuhusu mimi, ila usimwambie kwamba baba yake alikosea kipimo.

Mdogo


Ijumaa, 12 Juni

Shemeji Mdogo,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili nimezichana. Hii naiandika kwa kalamu ya wino ili nisiweze kufuta.

Uliposema karatasi ilikuwa kwa mwandiko wangu nilikwenda kutafuta siku yenyewe. Iko hapa. “Agosti 14. Mzee anapima hedi, mimi naandika. Ameilaza rula ndefu ya chuma juu yake, anasukuma vibati vyembamba kama wembe kwenye mwanya uliopo chini ya rula, anataja namba. Tisa. Amegeuza rula ncha kwa ncha, amepima tena. Tisa.”

Unaona kwamba alipima mara mbili. Kaka yako hakukosea, Shemeji. Alisoma vizuri kilichokuwa mbele yake.

Sasa rudi nyuma siku sita. Nimenakili kama ilivyo, sikupunguza neno.

“Agosti 8. Nimepaka madirisha ya jikoni rangi ya bluu. Kopo liligoma kufunguka, nimelibandua kwa rula ya chuma ya Mzee. Imepinda kidogo. Nimeinyoosha kwenye goti. Haionekani. Sijamwambia, ana wivu na vifaa vyake.”

Nilipomaliza kusoma hapo nilikwenda kwenye kabati la chumbani. Juu kabisa, nyuma ya masanduku, kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa gazeti. Nilikijua kabla sijakigusa. Nimeilaza ile rula juu ya kioo cha meza ya sebuleni, nikainama nikatazama kwa jicho moja. Ncha mbili zimegusa kioo. Katikati mwanga unapita. Ukiinua kichwa huoni kitu, rula imenyooka kabisa. Ukiinama, mwanga upo pale.

Nikakaa sakafuni. Na nikiwa sakafuni nikakumbuka kwamba namna ile ya kuinama nimeiona mahali. Nimetafuta, nimepata. “Oktoba 22. Mzee ameilaza rula juu ya kioo cha meza, anaichungulia kwa jicho moja muda mrefu. Nimeuliza nini, anasema vumbi.” Siku mbili baada ya chai ya dereva. “Oktoba 29. Ameleta rula mpya. Ya zamani ameipandisha juu ya kabati.”

Ukingoni kwenye ncha moja kuna rangi ya bluu, ukubwa wa ukucha. Nyumba hii haijawahi kuwa na bluu nyingine, na madirisha yale niliyapaka peke yangu, yeye akilala mchana. Alijua ni mimi. Alijua ni mimi, akajua ni wewe, akapanda juu ya kiti akaificha rula, akashuka akaenda kukwangua mlango. Na mimi nikasimama pale nikamwambia anabomoa.

Umeniomba nisimwambie binti kwamba baba yake alikosea. Sitamwambia, kwa sababu hakukosea. Lakini tazama tulivyoishi. Watu watatu kwenye gari la viti viwili. Wewe ulimfichia, naye alijua. Mimi nilimfichia, naye alijua. Yeye peke yake ndiye aliyetufichia tusijue, mpaka mimi ninayeandika hata mbu.

Sijui kama naomba msamaha. Nimechoka, na maneno ya msamaha yanahitaji nguvu. Nakuomba kitu kidogo zaidi. Uliambiwa uchonge tisa kwa sababu ya kopo la rangi. Hapana kosa la Kaka la kulinda tena, kwa hiyo hapana sababu ya gasketi yako kukaa chini ya kitanda. Zimebaki siku kumi na tano.

Rula siitumi kwa lori. Njoo uione.

Daftari


Jumamosi, 20 Juni

Shemeji Daftari,

Nimeisoma mara moja tu. Sirudii.

Nakuja na dereva Alhamisi tarehe 25. Nakuja na hedi, gasketi, spana zangu na blanketi. Blanketi limeingia mafuta, nimelifua mara mbili, bado linanuka karakana. Usilikague mbele ya watu.

Masharti yangu ni mawili. Usinililie mlangoni, maana nitageuka nirudi na lori. Na rula usiitupe wala usiinyooshe. Goti lako limeshafanya kazi ya kutosha.

Mwambie mtu wa vyuma chakavu aje hiyo Jumamosi kama mlivyopanga. Nataka niwe na mtu wa kumwogopa.

Mdogo


Alhamisi, 2 Julai

Shemeji Mdogo,

Nipo kwa binti. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini ni ukuta msafi. Dereva anapita kesho, kwa hiyo nakuandikia leo.

Ulisema nikunakilie shajara ya zile siku, kwa sababu ulikuwa umeinama chini ya boneti ukaona injini tu. Hii hapa.

“Juni 25. Shemeji amefika saa nane mchana. Hakuna aliyelia mlangoni. Tumelia bandani, kila mmoja upande wake wa gari, halafu nikaleta chai.”

“Juni 26. Amepima kimo cha gasketi. Akanipa kifaa nami nipime. Nikamrudishia apime tena. Imekuwa namba ile ile mara zote tatu, na bado tulitazamana kama wezi. Kisha akapima kwa rula ya zamani, makusudi. Akasema, ‘Hii sasa inajua uongo wake.’ Tumecheka mpaka jirani akachungulia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza bandani mle wamecheka watu wawili.”

“Juni 27. Mtu wa vyuma chakavu amefika saa tatu na winchi. Shemeji alikuwa anakaza bolti za mwisho, kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, mimi nikimsomea namba kwenye karatasi. Mtu wa vyuma akauliza, ‘Mama, ndiyo au hapana? Nina gari jingine la kukata.’ Nikamwambia akae juu ya ndoo. Injini imekohoa mara tatu, ya nne imewaka. Moshi umejaa banda lote. Shemeji amelitoa mpaka katikati ya ua, likazima. Hewa kwenye bomba la petroli, anasema. Mtu wa vyuma akashuka kwenye ndoo, akalisukuma yeye mwenyewe mpaka langoni. Likawaka tena. Akasema miaka ishirini hajawahi kusukuma kitu kikamkimbia.”

“Juni 28. Shemeji amenizungusha mtaa. Kiti nilichokishona ni kigumu kuliko nilivyofikiri. Upepo umeniondolea kitambaa. Kwenye kona ya shule aliniambia, ‘Shemeji, hicho kiti si chako.’ Nikamwambia najua, nimemshikia Mzee tu.”

“Juni 29. Ameondoka na gari saa mbili asubuhi. Nimefagia banda. Alama nne za magogo sakafuni hazitoki. Nimempa mwenye nyumba funguo.”

Baada ya hapo shajara ina mambo madogo madogo. Leo nimeandika hali ya hewa, nikashangaa kwamba sina lingine la kuandika.

Tangu Jumatatu sijasikia lolote kutoka kwako. Dereva anasema barabara ni ya siku mbili kwa lori, na gari lile la zamani huenda tatu. Leo ni ya nne. Sitaki kukubana, lakini nisikilize kwa makini, nami sitalisema tena. Ukifika salama, niandikie. Ukikwama, niandikie upesi zaidi. Usiwe na kisu kilichovunjika wala karakana iliyohama. Kama umeharibu, andika umeharibu. Sasa hivi nalitaka hilo kuliko gari.

Daftari


Jumamosi, 4 Julai, njiani

Shemeji Daftari,

Karatasi hii ni kipande cha mfuko wa saruji, nisamehe vumbi. Dereva amenikuta kando ya barabara, chini ya kibanda cha mziba pancha, akanipa barua yako nikiwa nimekaa juu ya tairi. Amesema anageuza kesho kutwa, atakupa hii.

Nimekwama tangu juzi mchana. Ni pampu ya maji. Nilipokuwa naifunga nilikaza bolti moja kupita kiasi, nikasikia ikilia, nikajiambia itashika. Haikushika. Karatasi haikuwepo, wala hapakuwa na kipimo cha mtu. Ni mkono wangu.

Mziba pancha amepata leo mpira wa kukatia gasketi, na ana maneno mengi kuliko mpira. Nadhani kwa saa tatu nitakuwa nimetengeneza. Nadhani tu, sijui.

Spana ziko mkononi. Boneti bado nimeifunga. Nimetaka ujue kwanza.

Mdogo